Nilinunua minazi ya mapambo Mtwara nikaipeleka Makete: mapitio ya kitalu cha barabara ya Mikindani

Nianze na bei za hizi pamu, yaani miti ya mapambo ya jamii ya mnazi, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza. Pamu chupa, ile yenye tumbo kama mtungi, shilingi 15,000. Pamu ya kifalme 12,000. Pamu feni 8,000. Mtende wa mapambo 20,000, na hapo mzee hashuki hata ulie. Mkindu 3,000. Halafu kulikuwa na miche minne nyuma ya tangi la maji, majani ya njano, viriba vimepasuka. Hiyo nilipewa kwa 2,500 kila mmoja, na wa nne nikaongezewa bure. Nitarudi kwenye hiyo minne, kwa sababu bila hiyo nisingekaa kuandika haya yote.

Kitalu kipo ukitoka Mtwara mjini kuelekea Mikindani, chini ya mikorosho miwili mikubwa. Hakina bango. Utaona viriba vyeusi vimepangwa kwenye kivuli cha makuti, na ndoo za rangi zilizotobolewa chini ndizo vyungu vya miche mikubwa. Mwenyewe ni mtu mzima wa miaka sabini na kitu. Jina lake hataki liandikwe, kwa hiyo nitamwita Mzee. Ana kijana mmoja wa kumwagilia na kuuza. Mkumbukeni huyo kijana.

Sasa mwalimu wa shule ya msingi wa Ligula anatafuta nini na miche kumi na miwili kwa mkupuo? Mdogo wangu ameolewa Makete, mkoa wa Njombe, kwa Wakinga. Tumezaliwa wote Mikindani, tumekua tukisikia makuti usiku. Mwaka wa tatu wa ndoa yake alinipigia simu, sauti imemkauka kwa mafua, akasema: "Dada, huku nikiamka naona misindano na ukungu. Nitumie hata mnazi mmoja, nikiutazama nijue nina kwetu." Nyuma yake nikamsikia shemeji anadakia: "Shemeji, lete mingi, mimi nitauza madafu." Mkinga ni Mkinga, hata ukimwamsha usingizini atakuuliza faida.

Nilijua mnazi hautakubali. Mnazi ni mtu wa pwani kama sisi, unataka joto la nyuzi 27 hivi mwaka mzima, na Makete mwezi wa saba usiku maji yanaganda. Ila nikajiambia, haya mapambo yanayofanana na mnazi, yanayopandwa kwenye mahoteli na mbele ya ofisi, lazima yako yanayovumilia. Nikaenda kitaluni Jumamosi moja ya mwezi wa nne.

Mzee hakuwepo. Nikamuuliza kijana: "Dogo, hizi zinavumilia baridi?"

"Mwalimu, hizi zinavumilia kila kitu."

"Baridi ya Makete?"

"Baridi yoyote ile."

Sitamwita mwongo. Nimelifikiria sana jambo hili baadaye na nimeona kwamba alisema ukweli wa baridi anayoijua yeye. Baridi ya Mtwara ni mwezi wa sita na wa saba, kusi inavuma, asubuhi nyuzi 20, watu wamevaa masweta na watoto wangu darasani wanasema "Mwalimu, vidole vimekufa." Kwa baridi hiyo, kweli, kila kilichomo kitaluni kinavumilia. Lakini muuzaji akiulizwa mahali asipopajua, aseme hapajui. Kati ya nyota tano, hiyo ndiyo ya kwanza niliyoikata.

Mzee alirudi kutoka msikitini nikiwa nimeshachagua. Nikampa shikamoo, akauliza naipeleka wapi. Nilipomwambia akacheka mpaka akakohoa. "Makete! Mwanangu, mimi nimekaa JKT Mafinga nikiwa kijana. Ndoo ya maji ukiiacha nje, asubuhi ina ngozi juu. Na Makete ni juu zaidi ya hapo." Akaitazama miche yangu mmoja mmoja kama daktari anayepita wodini. Pamu chupa mbili akazitoa pembeni. "Hizi usipeleke. Hizi ni za visiwa vya joto huko Bahari ya Hindi. Zitakufa."

Hapa nikiri kosa langu. Nilikuwa nimeshazipenda. Lile tumbo lao, lile jani linalojipinda, nilikuwa nimeshaziona zimesimama pande mbili za mlango wa mdogo wangu. Nikamwambia Mzee nazichukua hivyo hivyo. Akanitazama, akanyamaza, akaziweka kwenye boksi. Kwa hiyo yaliyozipata pamu chupa si deni la kitalu, ni langu.

Akanishauri nichukue mikindu miwili. Nikashangaa, maana mkindu kwetu hauhesabiwi kuwa pambo. Ni mti wa mtoni, bibi zetu wanaukata ukindu wa kusukia mikeka. Mzee akasema mkindu unaota kuanzia hapa pwani mpaka milimani huko juu kando ya mito, na una jambo moja ambalo minazi mingi haina: unachipua pembeni. Mnazi una kilele kimoja. Kilele kikifa, mti umekufa, hauna jicho lingine la kuchipulia. Mkindu ukipigwa na baridi, kikonyo kimoja kikifa, vingine viwili vinatoka chini. Maneno hayo tu yalitosha kulipia safari yangu.

Ndipo nikaiona ile minne nyuma ya tangi. Nikauliza hii nini. "Wagonjwa wangu hao," akasema. Mteja wake mmoja mgeni, aliyekuwa kwenye kazi za gesi, alimletea mbegu thelathini, mbegu zenye umbo la figo. Kumi na moja ziliota. Saba zikafa kwa jua la mwezi wa kumi na moja. Hizi nne zilikuwa na mwaka wa tatu na bado hazijafika kiunoni, wakati pamu feni za umri huo zimeshampita yeye. Alikuwa ameandika jina kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma: "TRAKIKAPAS". Nikapiga picha lile neno, jioni nikakaa na mpwa wangu na simu yake, tukalipata: Trachycarpus fortunei.

Jamani. Wagonjwa wale ndio niliokuwa nawatafuta bila kuwajua jina.

Huu ni mnazi wa Kichina, tuuite hivyo. Kwao unaota milimani, na Wachina tangu zamani wanatumia nywele za shina lake kusuka kamba, mafagio na makoti ya mvua, kama sisi tunavyotumia makumbi. Mwaka 1849 Mskoti aliyeitwa Robert Fortune aliituma miche yake Uingereza, na hilo jina la pili la mti limetokana naye. Ukishakuwa mkubwa na umeshika mizizi unavumilia hata nyuzi 15 chini ya sifuri. Upo mmoja mwingine wa Marekani ya kusini mashariki, mfupi, wenye miiba kama sindano, unaovumilia zaidi ya huo, lakini haupandi juu, unabaki kichaka. Anayetaka kitu kinachosimama kama mnazi kwenye barafu, wa Kichina ndio wake. Huko Uswisi, upande wa Lugano, umeota porini wenyewe mpaka serikali ikapiga marufuku kuuuza kuanzia Septemba 2024. Sisi tunautafuta kwa tochi, wenzetu wanaufukuza.

Na kwa nini ulikuwa mgonjwa Mtwara? Kwa sababu ya Mtwara. Mti wa mlima umewekwa usawa wa bahari, usiku wa joto, haupati hata saa moja ya kupumua. Majani ya njano hayakuwa maradhi. Kijana alikuwa akiutibu ugonjwa huo kwa mbolea ya chumvichumvi, kijiko baada ya kijiko, akazidi kuuchoma. Hesabu ya kitalu hiki, na nadhani ya vitalu vyote vya pwani, ni kwamba kilichonawiri hapa ndicho kizuri. Kwa mteja wa Makete hesabu hiyo inasomwa kinyume.

Nilirudi Jumatatu nikaichukua yote minne. Jumla ya vyote ilikuwa 91,500, Mzee akasema lete 90,000. Risiti hakuna. Nililipa kwa simu ili nibaki na ushahidi, nanyi fanyeni hivyo.

Kwenye kufunga mizigo nampa Mzee alama zote. Alimwagilia miche siku moja kabla, si siku ile ile, ili udongo ushikane usimwagike njiani. Akafunga viriba kwa gunia lililoloweshwa, akakusanya majani juu na kuyafunga kwa uzi wa miyaa, si kamba ya nailoni inayokata. Boksi likaandikwa JUU kwa makaa, na mshale. Mimi nikaongeza wa kumi na tatu, mche wa mnazi wenyewe, nazi iliyochipua uani kwetu Mikindani. Najua nilichosema juu ya mnazi. Lakini mdogo wangu aliomba mnazi.

Kutoka Mtwara mzigo ulipita Masasi, Tunduru, Songea, hadi Njombe, lami tupu siku hizi, ila Songea ulihamishwa gari. Basi la kwanza walinitoza 25,000 wakisema ni "mzigo hai". La pili sijui walisoma nini kwenye ule mshale, kwa sababu boksi lilifika Njombe limelala ubavu na gunia la dagaa juu yake. Pamu ya kifalme ilivunjika jani moja kati ya manne. Kampuni sizitaji, nazo zote mbili zilinijibu kwamba mimea husafirishwa kwa hatari ya mwenye nayo. Basi sawa.

Likizo ya mwezi wa sita nikaenda mwenyewe kuangalia.

Kwa mtu wa Mtwara, asubuhi ya kwanza Makete ni msiba mdogo. Nililala na blanketi tatu na soksi. Saa kumi na mbili mdogo wangu akanigongea: "Dada, njoo uone sakitu." Nikatoka. Majani yote ya uwanja meupe kama yamenyunyiziwa chumvi ya ghala. Viazi vya jirani bondeni vimelala vyeusi, kama vimemwagiwa maji ya moto. Lakini viazi vya shemeji, vilivyo juu mtelemkoni, vimesimama. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna kitalu cha pwani kitakachokuambia: baridi ni nzito, inateremka kama maji na kujaa bondeni. Wenyeji wanajua, ndiyo maana wanachagua viazi vya vinyungu, yaani vya bustani za bondeni, vipandwe wakati gani. Shemeji, kwa kuwapendelea wageni wake wa Mtwara, alikuwa amewapa miche mitatu udongo mzuri kuliko wote alionao, yaani bondeni karibu na mfereji. Pamu ya kifalme ilikuwa humo. Majani yalikuwa rangi ya karatasi ya khaki, na nilipovuta lile jani jipya la katikati, lile lililokunjwa kama mkuki, likatoka lote mkononi, chini limeoza na linanuka. Mkuki ukivutika, jua kilele kimekufa.

Pamu chupa moja nayo ilikuwa imeshakwenda. Ya pili walikuwa wameiingiza jikoni, jirani na moto, ikafa taratibu kwa moshi na giza mpaka Agosti. Na mnazi wetu wa Mikindani ulikuwa sebuleni, kwenye ndoo, umefungwa kitenge. Mdogo wangu alikuwa akiuogesha kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu kila Ijumaa. Sikusema neno. Ulikauka mwisho wa Julai, na kifuu chake sasa kinachotea maji ya mtungi.

Pamu feni zilinifundisha la pili. Zilikuwa mbili, zimepandwa hatua tano mmoja na mwingine, udongo ule ule. Moja ilichomeka majani ya nje lakini ilikuwa hai. Nyingine mkuki ulivutika. Nikauliza nani anamwagilia. Mtoto wa shemeji, kila jioni, kwa jagi, na kwa upendo anamimina katikati ya majani. Ile ya mwisho kwenye mstari ndiyo aliyokuwa anaimalizia jagi zima. Maji yanakaa ndani ya kilele, usiku yanaganda, yanapasua nyama changa. Kule maji ya jioni ni sumu. Mwagilia asubuhi jua likishatoka, chini kwenye shina, na mwezi wa sita hadi wa nane kidogo sana.

Mtende wa mapambo, ule wa visiwa vya Kanari, ulipauka ncha za majani tu. Miaka ya mwanzo utahitaji kufunikwa, ukishanenepa shina hautasumbua sana. Kwa 20,000 sikulalamika. Mikindu yote miwili iliungua nusu, na yote miwili ilikuwa inachipua pembeni, kama Mzee alivyosema.

Na wagonjwa? Minne ilikuwa kwenye ukuta wa nyumba, upande wa kaskazini. Mmoja mbuzi wa jirani aliula wote, hilo halina uhusiano na baridi. Mitatu iliyobaki ilikuwa ya kijani. Kijani kile cha kuiva, si cha mbolea. Sakitu ilikuwa juu ya majani, jua likaipiga, ikayeyuka, majani yakabaki vile vile. Mmoja ulikuwa umeshatoa jani la kwanza lililopasuka vizuri kama kipepeo cha mkono. Mtwara ilikaa miaka mitatu bila kufanya hivyo. Nikapiga picha nikamtumia kijana amwonyeshe Mzee. Jibu lilirudi kwa sauti, Mzee mwenyewe: "Mwalimu, hao si wangu. Umebadilisha."

Kuhusu ule ukuta wa kaskazini, nisimame kidogo, kwa sababu mpwa wangu karibu anipoteze. Maelezo mengi ya kutunza hii miti yameandikwa na watu wa Ulaya, na yote yanasema panda kwenye ukuta unaotazama kusini. Kwao ni kweli, jua la majira yao ya baridi lipo kusini. Makete, mwezi wa sita, jua limekwenda kaskazini. Ukifuata kitabu chao utaupandia mti wako kivulini miezi yote ya baridi. Ukuta unakusanya joto mchana, usiku unalirudisha kidogo kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachoamua.

Mengine tuliyofanya pamoja kabla sijarudi: majani yalikusanywa juu na kufungwa, kama Mzee alivyoyafunga kwa safari. Chini tukaweka nyasi kavu na majani ya misindano, yasiguse shina. Zile siku ambazo mbingu imekuwa safi, nyota nyingi na hakuna upepo, wanavisha gunia la viazi, lile la kuweka lumbesa, na asubuhi wanavua. Plastiki hapana, inakusanya umande ndani ikaganda. Majani yaliyoungua hatukuyakata. Nilitaka kuyakata kwa sababu yanachukiza macho, lakini ndiyo koti la kilele mpaka baridi ipite. Kwa ile pamu feni iliyooza, shemeji alikata mpaka kwenye nyama nyeupe akamwagia dawa ya kopa anayopulizia viazi. Haikusaidia. Tulichelewa.

Na kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la kalenda. Nilinunua Aprili, ikapandwa Mei, sakitu ikaja Juni. Miche haikuwa na mizizi nje ya umbo la kiriba chake. Baadhi, na hapa nakatia kitalu nusu nyota, ilikuwa imekaa kwenye kiriba muda mrefu mpaka mizizi imejizungusha chini kama tambi. Mti wa namna hiyo unachelewa kushika. Ukitaka kupeleka nyanda za juu, peleka mvua zinapoanza, Novemba hivi, upate miezi sita ya kujijenga. Ukishindwa, uuache ndani ya kiriba, ulale barazani usiku mwaka wa kwanza.

Niliporudi Mtwara nilikwenda kitaluni kudai. Kwa pamu chupa sikudai kitu, nimeshasema. Kwa ya kifalme nilidai, kwa kuwa kijana ndiye aliyenihakikishia. Mzee hakubishana. Hakunirudishia pesa, alinipa mikindu minne mikubwa, ambayo kwa bei yake ni 12,000 ile ile. Kisha akamwita kijana, akamwambia mbele yangu: "Mteja akikuuliza baridi, muulize anapoishi maji yanaganda?" Sasa hivi ukienda atakuuliza. Nilimtuma jirani yangu kimyakimya kujaribu, akaulizwa.

Kwa mtu wa Mtwara, Lindi, Masasi anayepamba nyumba yake hapa hapa, kitalu hiki ni nyota nne na nusu. Bei ni nzuri, miche imezoea jua na chumvi ya bahari, Mzee anajua kazi. Angalieni tu viriba vya mstari wa nyuma, vinueni, mkiona mizizi imetoka chini na kujisokota ombeni punguzo. Kwa mtu wa kupeleka mbali kwenye baridi ni tatu na nusu, na hizo ni kwa sharti kwamba umemkuta Mzee mwenyewe. Ijumaa anafunga saa sita. Nendeni asubuhi.

Mtauliza kama wagonjwa bado wapo. Mwezi wa tisa mwaka jana yule mteja wa gesi alituma pakiti nyingine ya mbegu. Mbegu hizi zikikauka zinakufa, kwa hiyo Mzee hakutaka kupoteza muda, na safari hii hakutaka kuzipanda Mtwara. Alinipa mimi, nikazituma Makete pamoja na ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, ya mdogo wangu, zimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Shemeji aliziotesha nyuma ya nyumba kwenye mchanganyiko wa udongo wa msituni na mchanga. Zilichukua zaidi ya miezi miwili, akanipigia kunilaumu kwamba nimemtumia kokoto, halafu zikaanza kutokeza, jani moja moja jembamba kama nyasi. Anayo arobaini sasa, mwezi wa saba umepita juu yake na hakuna uliokufa. Ameshapanga bei, 10,000 mmoja, na anasema watu wa nyumba za wageni wa huko wameshaanza kuulizia.

Juzi nimepita kitaluni kununua chungu. Mzee akanikalisha kwenye benchi, akaniagizia kahawa, akazunguka maneno kidogo kuhusu korosho na mvua. Mwisho akaniuliza kama shemeji yangu anaweza kumpunguzia akichukua kumi kwa jumla.